Diski ya 1TB kwenye ThinkPad X230: itaingia? Na kelele je?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina ThinkPad X230 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Diski yake ni ya 320GB, mizunguko 7200, na imejaa. Kazi yangu ni kusoma na kurekodi hadithi za watoto hapa nyumbani Tanga, kwa maiki ya USB inayokaa meza moja na laptopu. Kuna muuzaji ananipa diski ya 1TB iliyotumika, mizunguko 7200, unene milimita 9.5. Anasema SATA ni SATA, itaingia tu. Mwingine ananishawishi nichukue SSD mpya ya 500GB. Naogopa mambo mawili: mashine isije ikaikataa, na isije ikaniongezea kelele kwenye rekodi. Halafu diski niliyonayo sasa inalia "tik" kila mara, hata nikiwa sigusi kitu. Ndiyo inakufa?

JIBU: Njema, dada. Nianze na la haraka kabla hujatoa pesa: hiyo diski ya milimita 9.5 usiichukue. Muuzaji hakudanganya aliposema SATA (aina ya soketi ya diski) ni SATA, ila amejibu swali ambalo si gumu. Soketi itakubali. Nafasi ndiyo itakayogoma.

Diski zote za laptopu za inchi 2.5 zina upana wa karibu milimita 70 na urefu wa milimita 100, na matundu ya skrubu yako palepale. Kinachobadilika ni unene. Zipo za milimita 15, za 12.5 ambazo ni za zamani, za 9.5 zilizotawala kwa miaka mingi, na za 7 zilizokuja laptopu zilipoanza kuwa nyembamba. X230 yako, ya mwaka 2012, ilitengenezwa kwa ajili ya milimita 7, sawa na X220 iliyoitangulia. Kuna laptopu nyingi za miaka hiyo zinazopokea 9.5 bila shida, na pengine muuzaji anazifikiria hizo. Yako haimo.

Utakutana na fundi atakayekwambia, "Tunavua zile raba za pembeni, itaingia." Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokutana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukifungua skrubu moja chini ya X230 na kutoa kifuniko cha diski, utaona diski imevaa raba mbili ubavuni, moja kila upande. Raba hizo hazikuwekwa kujaza nafasi tu. Kazi yake kubwa ni kuzuia mtetemo wa diski usifike kwenye mwili wa laptopu. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kila sekunde, na hakuna sahani (ile sehemu inayozunguka ndani yake) iliyosawazishwa kikamilifu, kwa hiyo diski nzima inatetemeka mara 120 kila sekunde. Raba inaumeza mtetemo huo. Ukiivua na kuibana diski chuma kwa plastiki, mwili wa laptopu unafanya kazi ya tumbo la udi: unachukua mtetemo mdogo na kuukuza hadi usikike chumbani. Kisha meza inaupokea, maiki inaupokea kutoka mezani, na msikilizaji wako anasikia mvumo wa chini chini ambao wewe mwenyewe hukuusikia ulipokuwa unasoma. Mtu anayetaka kurekodi sauti asikubali kabisa raba zivuliwe. Na kama laptopu yako ilinunuliwa imetumika, fungua uhakikishe zipo, maana huwa zinapotea mikononi mwa mafundi. Zikiwa hazipo, nunua jozi mpya kabla ya kununua diski yoyote. Wauzaji wa vipuri vya ThinkPad wanazo, na uwaambie ni za milimita 7.

Sasa soketi. SATA ilianza kutumika mwaka 2003 na imekuwa na hatua tatu za kasi: gigabiti 1.5 kwa sekunde, kisha 3, kisha 6. Zote zinaelewana. Diski ya hatua ya tatu ukiichomeka kwenye laptopu ya hatua ya kwanza, watashuka wote hadi kasi ya aliye mzito, na kazi itaendelea. Nafasi kuu ya X230 ni ya gigabiti 6, kwa hiyo diski yoyote ya SATA ya inchi 2.5, ya kuzunguka au SSD (isiyo na kinachozunguka), itafanya kazi kwa kasi yake yote. Umeme nao usikusumbue: diski za saizi hii zinakula volti 5 tu, na soketi ileile inazitoa.

Kitakachokuponza dukani ni SSD zenye umbo jingine. Siku hizi SSD nyingi zinazouzwa ni vile vijibao vyembamba vya M.2, na vingi vyake ni NVMe, yaani havitumii SATA. Hivyo vya NVMe haviingii kwenye X230, na hakuna kiunganishi cha kawaida cha kuvifanya viingie kwenye nafasi ya diski. Ukifika dukani usiseme "nataka SSD ya laptopu". Sema "SSD ya SATA, inchi 2.5". Hizo karibu zote ni milimita 7, saizi yako haswa. X230 ina pia nafasi ndogo ndani, iliyokusudiwa kadi ya modemu ya simu, inayokubali SSD ya umbo la mSATA. Hiyo inafanya kazi vizuri ingawa inaishia gigabiti 3. Ila mSATA na M.2 ni vitu viwili tofauti hata kama muuzaji ataviweka kwenye kapu moja.

Na ukipewa diski iliyotolewa ndani ya diski ya nje ya USB, kwa kuwa ni rahisi, igeuze uangalie mdomo wake. Baadhi ya hizo zina soketi ya USB iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski. SATA hakuna kabisa, na hutaweza kuiingiza popote. Zile za nje zenye 4TB kwa kawaida ndani yake mna diski ya milimita 15, ambayo haiingii kwenye laptopu yoyote ya kawaida.

Hayo ya kuingia na kutoingia yameisha. Kelele ndiyo yenye maneno mengi, kwa sababu watu husema "diski ina kelele" wakati diski ina sauti tatu zisizofanana, na kila moja ina dawa yake.

Sauti ya kwanza ni mvumo wa kuzunguka. Upo muda wote diski ikiwa macho. Diski ya mizunguko 7200 inavuma kwenye hezi 120, ya 5400 kwenye hezi 90, na juu yake kuna mlio wa hewa na wa beringi. Diski inavyozeeka beringi zinachakaa na mlio unapanda. Hii ni sababu nyingine ya kuogopa diski iliyotumika kwa kazi kama yako: hata ikiwa nzima kabisa kwa kuhifadhi mafaili, masikio yako yatalipa. Kwa sauti ya mwanamke, mvumo wa hezi 90 unaweza kukatwa kwenye programu ya kurekodi kwa kichujio cha sauti za chini bila kugusa sauti yako, kwa kuwa sauti ya mwanamke mzima kwa kawaida huanzia karibu hezi 165. Hezi 120 nayo inakatika, lakini ndugu yake wa hezi 240 anakaa katikati ya sauti yako, na huyo humtoi bila kujikata mwenyewe. Ndiyo maana, kama ingekuwa lazima ununue diski ya kuzunguka, ningekusukuma kwenye 5400 na si 7200. Unapoteza kasi kidogo: kusubiri sahani ifike mahali pake ni wastani wa milisekunde 5.6 badala ya 4.2. Kwa mtu anayerekodi maiki moja tofauti hiyo haina maana yoyote.

Namba za kelele zinazoandikwa na watengenezaji zinasaidia, ila zisome kwa uangalifu. Wengine wanaandika desibeli, wengine wanaandika beli, na beli moja ni desibeli 10. Diski iliyoandikwa 2.4 na nyingine iliyoandikwa 24 zinaweza kuwa zinafanana kabisa, au zisifanane kwa sababu mmoja amepima nguvu ya sauti inayotoka na mwingine amepima inayofika sikioni kwa umbali fulani. Linganisha diski za mtengenezaji mmoja na mwenzake wa nyumba hiyohiyo. Ukivuka kwenda kwa mtengenezaji mwingine, namba hizo haziaminiki tena.

Sauti ya pili ni mtafuno: krr-krr-krr ya mkono wa diski unapokimbia juu ya sahani kutafuta mafaili. Hii inategemea unachofanya. Diski iliyojaa, kama yako, inatafuna zaidi kwa sababu faili moja limetawanyika vipande vipande. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ya RAM inatafuna zaidi pia, kwani inatumia diski kama akiba. Zamani diski nyingi zilikuwa na mpangilio wa kupunguza mtafuno kwa kuufanya mkono uende pole. Siku hizi nyingi zimeuondoa.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Diski nyingi za laptopu za 1TB na zaidi zenye unene wa milimita 7 zinaandika data kwa mistari inayolaliana, mfano Seagate ST1000LM035 na WD10SPZX. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walibanwa na wateja hadi wakachapisha orodha za diski zao za namna hiyo. Ukiziandikia vitu vingi kwa mkupuo, zinapokea haraka, halafu zinabaki na kazi ya kupanga upya zenyewe baadaye. Maana yake kwako ni kwamba umemaliza kuhamisha mafaili, umefunga kila kitu, umewasha maiki kwa utulivu, na diski bado inatafuna kwa sababu inamalizia kazi yake ya ndani. Huwezi kuiamuru inyamaze. Hazina ubaya kwa kuhifadhi picha na filamu, lakini kwa chumba cha kurekodi sizipendekezi hata kidogo.

Sauti ya tatu ndiyo "tik" yako.

Diski za laptopu, zikikaa sekunde kadhaa bila kazi, zinaondoa vichwa vya kusomea na kuandikia juu ya sahani na kuviegesha kwenye kijiti cha plastiki pembeni. Ni kwa usalama, ili laptopu ikitikiswa vichwa visikwaruze sahani, na ni kwa kuokoa betri. Kuegesha kunalia "tik". Kompyuta ikitaka kitu kidogo tu, tuseme kuandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake za ndani, vichwa vinarudi, na hapo "tik" nyingine. Basi diski isiyofanya chochote ndiyo inayolia zaidi, jambo linalowachanganya watu wengi. Kwenye ThinkPad kuna nyongeza: tangu mwaka 2003 familia hiyo ina kihisi cha mtikiso kinachoamuru diski iegeshe vichwa laptopu inapoyumba. Ukiweka laptopu kwenye meza inayocheza, au mtu akipita kwa kishindo, utasikia. Kwa hiyo "tik" moja moja, zenye nafasi kati yake, laptopu ikiendelea na kazi bila kuganda, si kifo.

"Tik" za kifo ni nyingine. Zinakuja mfululizo, kwa mdundo uleule, mara nyingi wakati wa kuwasha, na kompyuta inaganda au haioni diski kabisa. Ukisikia hizo, zima, usijaribu tena na tena, kwa sababu kila jaribio linaweza kukwaruza sahani zaidi.

Usikisie, lakini. Diski yenyewe inatunza daftari la afya yake, na unaweza kulisoma bure kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au kwa smartmontools kwenye Linux. Tazama mistari minne. Wenye alama 05 unasema ni sehemu ngapi zimeharibika na kubadilishwa. C5 ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inahangaika nazo. C6 ni zilizoshindikana. Hizi tatu zinatakiwa ziwe sifuri. C5 ikiwa na namba yoyote na inaongezeka, diski inaondoka, hata kama neno kubwa juu ya ukurasa linasema iko salama. Mstari wa nne ni C1, hesabu ya mara ambazo vichwa vimeegeshwa. Watengenezaji wengi wa diski za laptopu huandika kikomo cha 600,000. Inaonekana namba kubwa hadi uigawe: diski inayoegesha mara mbili kila dakika, saa 8 kwa siku, inafikisha 600,000 kabla ya miaka miwili kutimia. Diski ikivuka hapo haifi siku hiyohiyo, ila imeshatumia kile ilichoahidiwa.

Wakati unasubiri kununua, "tik" hiyo unaweza kuinyamazisha. CrystalDiskInfo ina sehemu ya vipengele vya ziada yenye mpangilio uitwao APM. Upandishe hadi 254 na diski itaacha kuegesha vichwa hovyo. Kwenye Linux amri ni hdparm -B 254 ikifuatiwa na jina la diski. Mpangilio unaweza kujifuta ukizima laptopu au ukiilaza, kwa hiyo ucheki kabla ya kurekodi. Baada ya kuuweka usiinyanyue laptopu wala kuitembeza ikiwa imewaka, maana sasa vichwa vinakaa juu ya sahani muda wote. Wekeza pia dakika moja kwenye meza: toa maiki hapo uiweke kwenye stuli yake, au kunja kanga mara nne uilaze chini ya kitako cha maiki. Rekodi dakika moja ya ukimya kabla na dakika moja baada, halafu sikiliza kwa hedifoni. Tofauti utaisikia mwenyewe.

Nirudi kwenye ununuzi. Chukua SSD. Nasema hivyo bila kusitasita kwa sababu ya kazi yako. SSD haina kinachozunguka wala kinachotembea, sauti zote tatu nilizozieleza zinaondoka kwa mpigo, na hakuna diski ya kuzunguka, iwe ya bei gani, itakayofika hapo. Kasi ni zawadi ya pembeni: diski ya kuzunguka ya laptopu inasoma karibu megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, SSD ya SATA inafika karibu 550, na kwenye mafaili madogo madogo tofauti ni kubwa zaidi ya hapo. X230 ya 2012 yenye SSD inafunguka kama mashine nyingine.

Najua kinachokuvuta kwenye 1TB ni nafasi. Tupige hesabu ya kazi yako halisi. Sauti ya chaneli moja, isiyobanwa, kwa hezi 48,000 na biti 24, inakula megabaiti 518 kwa saa. SSD ya 500GB, ukitoa mfumo, programu na mengineyo, tuseme ikubakizie 400GB: hapo una nafasi ya zaidi ya saa 770 za hadithi mbichi. Ukimaliza kuhariri na kuhamisha zilizokamilika kwenye diski ya nje, 500GB inakutosha kwa miaka. Wanaohariri video hesabu yao ni tofauti, nao ningewaambia mengine.

Wasiwasi wa kwamba SSD inachakaa kwa kuandikiwa ni wa kweli kwenye karatasi tu, kwa kazi kama yako. Samsung 870 EVO ya 500GB, kwa mfano, imedhaminiwa kuandikwa terabaiti 300. Ukiiandikia 20GB kila siku ya Mungu, bila kupumzika hata Idi, itakuchukua miaka 40 kufika hapo. Kitu cha kuogopa ni bandia. SSD za majina yasiyojulikana zenye ukubwa wa ajabu kwa bei ya ajabu, na hata za majina makubwa zilizobandikwa stika, zipo sokoni, Kariakoo na kwingineko. Nunua kwa mtu mwenye duka na risiti, mwombe siku chache za kurudisha, kisha uijaze yote kwa programu ya H2testw au F3. Programu hizo zinaandika hadi mwisho na kusoma kilichoandikwa. Kama imeandikwa 500GB na ndani ni 64, utajua siku hiyohiyo.

Kuna njia ya tatu wengine watakayokushauri: SSD ndogo ya mSATA kwa mfumo, na diski ya kuzunguka ibaki mahali pake kwa kuhifadhi. Ni mpango mzuri kwa anayehitaji nafasi kubwa. Diski inaweza kulazwa isipotumika. Lakini inaweza kuamka katikati ya sentensi unaposoma, na mlio wa diski inayoamka ni mbaya kuliko mvumo wa kudumu, kwa sababu kichujio hakiwezi kuukamata. Kwa kazi yako usiifuate.

Ukishaweka SSD, jiandae kwa jambo moja. Chumba kitakuwa kimya, halafu utaanza kusikia feni. Watu wengi hurudi kwa fundi hapo wakidai SSD imeleta kelele. Haikuleta, feni ilikuwa ikifunikwa na diski. X230 ina prosesa za kawaida za wati 35 kwenye mwili mdogo, na miaka ya vumbi imeshaziba mabati yake ya kupozea. Mwombe fundi asafishe njia ya hewa na abadilishe mafuta ya joto juu ya prosesa. Ni kazi ya kipindi kimoja, na bila hiyo utakuwa umetibu nusu ya ugonjwa. Wakati wa kurekodi funga kivinjari cha intaneti, zima masasisho, subiri feni itulie, ndipo uanze kusoma.

Kuhamisha. Utahitaji kasha la USB au waya wa kugeuza SATA kuwa USB. Weka SSD humo, uichomeke kwenye tundu la USB la rangi ya buluu, ambalo ndilo la kasi na lenye umeme zaidi, kisha unakili diski nzima kwa programu ya Clonezilla. SSD ya 500GB ni kubwa kuliko 320GB yako kwa hiyo hakuna tatizo la kubana, ila baada ya kunakili utapanua sehemu ya diski ili nafasi iliyobaki ionekane. Kabla ya hapo angalia kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows inayofunga data za diski. Ikiwa ndivyo, ifungue kwanza na uandike ufunguo wake pembeni. Na kama C5 au C6 si sifuri, usinakili diski nzima: nakili hadithi zako na nyaraka kwa mkono, kisha pandisha mfumo upya kwenye SSD. Ukifikia kupandisha upya, fahamu kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi chako. Linux Mint inakwenda vizuri kwenye X230, na Audacity ya kurekodia ipo humo.

Ukiwa umeshaweka SSD unaweza kuondoa ile programu ya ThinkPad ya kulinda diski dhidi ya mtikiso. Haina tena cha kulinda.

Bado una hamu na 1TB ya kuhifadhia? Nunua ya nje, na kama ni iliyotumika, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na akuonyeshe hiyo mistari minne. Diski zilizotoka kwenye laptopu za maofisini wakati mwingine zina nenosiri lililofungwa ndani ya diski yenyewe, na hilo halitoki kwa kufomati. Usikubali kuambiwa "fundi wako ataifungua".

Na ile 320GB usiitupe. Ikae kwenye lile kasha la USB ulilolitumia kuhamisha, iwe mahali pa kuwekea nakala ya pili ya hadithi zilizokamilika, na uichomoe unaporekodi. Hilo ni iwapo daftari lake la afya ni safi. Niandikie namba za 05, C5, C6 na C1 ukishazisoma. C1 hata ikiwa kubwa nitakwambia uendelee kuitumia kwa nakala. C5 ikiwa na namba yoyote, hapo isishike kitu ambacho huna kwingine.